Vifaa 339 Vilivyobaki 7

Ndege aina ya DC-8 ilipoanza kazi, vifaa vyake 339 viliwekewa ratiba ya kufumuliwa: saa za kuruka zikitimia, kifaa kinashushwa na kufungwa upya hata kama hakina tatizo. DC-10 ilipokuja miaka ya 1970, vilibaki 7. Hata injini iliondolewa kwenye ratiba hiyo, na usalama haukushuka.

Stanley Nowlan na Howard Heap wa United Airlines walieleza sababu yake mwaka 1978, katika ripoti waliyoiandikia Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Walikuwa wamechambua kumbukumbu za hitilafu, kifaa kwa kifaa. Vile ambavyo kuwekewa ukomo wa umri kungevifaa vilikuwa asilimia 11 tu. Asilimia 68 vilikuwa hatarini zaidi mwanzoni kabisa, vikiwa ndiyo kwanza vimefungwa. Baada ya hapo hatari ilishuka na kutulia.

Fundi yeyote wa karakana anajua kwa nini. Sili imekaa upande, boliti haikukazwa sawasawa, mchanga umeingia kwenye njia ya oili, kipuri kipya kina kasoro ya kiwandani. Ukiifumua mashine iliyotulia, unairudisha kwenye kipindi chake kibaya. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwanabiolojia C. H. Waddington aliliona jambo hilohilo kwenye ndege za doria za Uingereza: hitilafu zilipanda mara tu baada ya ukaguzi wa kila saa 50, kisha zikapungua polepole.

Sehemu ninayoithamini zaidi katika kazi ya Nowlan na Heap ni swali waliloanza nalo: kifaa hiki kikifa, nini kitatokea? Kinachoweza kuua hulindwa kwa gharama yoyote. Disiki za tabo ndani ya injini, kwa mfano, zina ukomo wake hadi leo. Kinachoharibika kimyakimya, kama king'ora cha moto, hujaribiwa. Chenye dalili huchunguzwa: chembe za chuma kwenye oili, mtetemo, joto. Kisicho na madhara huachwa kifanye kazi mpaka kife.

Asilimia hizo ni za ndege, si za tipa wala ekskaveta, ambazo breki na meno ya ndoo yake huisha kwa kutumika. Mwenye mitambo hiyo anahitaji hesabu yake mwenyewe. Kwa kila hitilafu, daftari lake lionyeshe saa ambazo mtambo umefanya kazi tangu ulipofunguliwa mara ya mwisho, na nini kiliguswa siku hiyo.