Iguse Boneti Kwanza

Kabla hata salamu hazijaisha, fundi alikuwa ameshaweka kiganja juu ya boneti. Alikiacha pale kidogo, kama mama anayempima mtoto homa, kisha akanigeukia.

"Njomba, hili limeamka kabla yetu."

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, Masasi mjini, na mwenye gari alikuwa ametuapia kwamba halijawashwa tangu juzi. Boneti ilikuwa na uvuguvugu. Dizeli iliyochoka huwaka kwa shida ikiwa baridi, lakini ukishaipasha moto huitika kama kijana. Anayedamka alfajiri kuipasha kabla mnunuzi hajafika ana jambo analolifunika.

Rafiki yangu hakusikia neno. Alikuwa ameshapanda, mikono kwenye usukani, macho mbali. Ukipenda, chongo huita kengeza, na ndiyo sababu nilimwomba fundi huyu aandamane nasi. Anayelipenda gari hafai kulikagua.

Rafiki yangu ni mwalimu mstaafu aliyezaliwa Newala. Utotoni alisafiri nyuma ya Land Rover 109, amekalia magunia ya korosho, vumbi mpaka kwenye kope. Kiinua mgongo kilipotoka, watoto wake walimshauri anunue Land Cruiser mkonga, au gari dogo lisilokula mafuta. Akakataa. Alitaka 109, na alitaka ya kutembelea: imtoe Masasi, impandishe Newala siku ya gulio na kumrudisha, bila kuvutwa kwa kamba. Mapambo ya kuegesha uani hakuyataka.

Ombi hilo lilikuwa gumu kuliko alivyodhani. Land Rover ya kwanza ilioneshwa kwa watu Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu na chuma kilikuwa adimu Uingereza, kwa hiyo waundaji wakaivalisha bodi ya aluminiamu, wakabakiza chuma kwenye chasisi. Uamuzi huo wa dhiki ndio unaowatesa wanunuzi mpaka leo. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Gari linaweza kuwa na miaka hamsini, mabawa yake yakanyooshwa, yakapakwa rangi, yakang'aa kama sinia la harusi, na huko chini mifupa imeshaliwa. Ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, ila gunia lenyewe linapendeza.

Fundi alitandika kipande cha boksi, akalala chali, akajisogeza chini kwa visigino. Tukabaki tunaziona ndala zake na kusikia kinyundo. Alikuwa akigonga chasisi kuanzia mbele kwenda nyuma, taratibu, kila baada ya shubiri moja. Chuma kizima hujibu kwa mlio mkali unaokatika upesi. Kilichooza hujibu kwa sauti butu, kama kugonga papai. Alipofika usawa wa gurudumu la nyuma mlio ukabadilika. Akarudi nyuma shubiri moja, akagonga tena, akasogea mbele, akagonga. Alikuwa akipima kidonda kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Kisha akachukua bisibisi, akaisukuma kidogo tu. Ikazama kupitia rangi nyeusi mbichi na kitambaa kilichogandishwa kwa gundi.

Alipotoka alikuwa na unga wa manjano kwenye vidole. Akaunusa, akanipa na mimi ninuse. Salfa. Gari lilikuwa limebeba mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho, misimu mingi, na unga ukajikusanya kwenye pembe za chasisi. Ukikutana na unyevu, unga huo hula chuma kimyakimya.

"Bado jambo moja," akasema, akamwita mwalimu ashuke. "Bonyeza hicho kirungu cha manjano."

Kwenye Land Rover za zamani, pembeni ya gia ya kawaida kuna wenzo wenye kirungu chekundu, wa kubadili kati ya gia nyepesi na nzito, na kirungu cha manjano cha kuingiza magurudumu ya mbele kazini. Cha gari hili kilikuwa kimesuguliwa kikang'aa. Mwalimu akakibonyeza, kikashuka vizuri. Fundi akamshika mkono, akamwinamisha, akamwonesha chini ya injini: propela shafti ya mbele haikuwepo. Ilishatolewa, pengine ikauzwa. Kirungu kile kilikuwa kinaamrisha hewa.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tukaaga kwa heshima.

Njiani kurudi gereji, fundi alitupa somo la pili, la majira. Usinunue gari kusini wakati wa minada ya korosho, alisema. Kuanzia Oktoba fedha zinamwagika vijijini na kila kimeo kinapata bei. Subiri masika. Fedha zimekwisha, muuzaji anasikiliza, na mvua yenyewe inakagua gari bure: inaonesha paa linavuja wapi na waya gani umeoza. Mwalimu akakubali kusubiri. Ilikuwa miezi mitano.

Mwezi Machi tukapanda Newala. Mji umekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na ukisimama pale panapoitwa Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma lote chini yako, na Msumbiji ng'ambo. Asubuhi ukungu hufunika kila kitu. Udongo wa huku juu ni mchanga unaokunywa mvua bila kuacha kijito, ndiyo maana wazee wanahesabu maisha yao kwa safari za kushuka mabondeni kuchota maji. Mwalimu anakumbuka Land Rover zikipandisha mapipa. Mchanga huo una pande mbili kwa gari kuukuu. Unakausha maji upesi, kwa hiyo chasisi hupona. Lakini unasaga breki, beringi na kila kinachozunguka.

Gari tulilooneshwa lilikuwa baya. Rangi ya kijani imepauka, mlango mmoja wa bluu, viti vimeshonwa kwa uzi wa magunia. Taa za mbele zilikuwa zimebanwa katikati, karibu na rejeta, na wavu wake ni wa chuma. Kwa fundi hiyo ilikuwa kama kusoma cheti cha kuzaliwa: Series IIA ya miaka ya sitini. Kufikia mwisho wa miaka hiyo taa zilikuwa zimeanza kuhamia kwenye mabawa, na Series III, iliyoingia 1971 na kudumu hadi 1985, ilikuja na wavu wa plastiki.

Aligusa boneti. Baridi kama mtungi.

Akaenda kwenye ncha ya chasisi mbele kulia, pale springi inaposhikiliwa, akakwangua matope kwa brashi ya waya. Kisha akatoa chaki nyeupe mfukoni, akaipaka kwa ubapa wake. Tarakimu zikajitokeza moja moja, kama alama ya sarafu unapoisugulia penseli juu ya karatasi. Akamsomea mwalimu, mwalimu akafuatisha kwenye kadi ya gari, kidole juu ya kila tarakimu, kama yuko darasani. Zilifanana. Bila hilo, alisema fundi, hata injini iimbe, tunaondoka.

Kinyundo kikaanza tena. Nusu saa nzima mlio mmoja, mpaka upande wa kushoto nyuma, palipokuwa na kiraka cha bati nene kilichochomelewa. Moyo wangu ukashuka. Fundi akakaa kimya pale chini kwa muda mrefu, kisha akaniita nilale kando yake na kumulika tochi.

"Angalia mshono."

Mshono ulikwenda sawa, vidonda vidogo vidogo vinavyolingana, umezunguka kiraka chote bila kuacha mwanya. Chini kabisa ya bati kulikuwa na tundu la ukubwa wa kidole kidogo, limetobolewa na kusuguliwa kingo. "Hilo la kutolea maji," akasema. "Aliyelitoboa alijua hakuna mtu atakayelala hapa kulitazama. Alifanya vilevile."

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akikitafuta muda wote. Mimi nilidhani tunatafuta gari ambalo halijaguswa. Gari la zaidi ya miaka hamsini ambalo halijaguswa halipo kwenye barabara hizi, na lingekuwepo lisingetembea. Kila Land Rover iliyo hai kusini imepita mikononi mwa watu, na kuinunua ni kuinunua mikono hiyo. Fundi alikuwa akiwasoma wenzake wa zamani, asiowajua kwa majina: huyu alikuwa na haraka, huyu alidanganya, huyu alimaliza kazi.

Ndipo akaruhusu injini iwashwe. Mwenye gari akashikilia hita, tukahesabu, akapiga starta. Injini ikakohoa moshi mweupe, ikatulia, moshi ukapungua na kutoweka. Ungebaki wa bluu, ni oili inayoungua. Mweusi mzito, ni mafuta yasiyopata hewa ya kutosha. Fundi akachukua spana, akalegeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza. Mara injini ikachechemea. Akakaza, ikatengemaa. Akaenda ya pili, ya tatu, ya nne. Kila silinda aliyoinyima mafuta ililalamika, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mtu asiyelia ukimpokonya chakula, alisema, alikuwa hali.

Mwisho akatoa kijiti cha mpingo, urefu wa penseli mbili, salio alilopewa na mchongaji jirani yake. Mpingo ni mzito na hauna uwazi ndani, kwa hiyo hupitisha sauti vizuri. Ncha moja akaiweka kwenye mfuniko wa mbele wa injini, nyingine kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Alikuwa akiusikiliza mnyororo wa taimingi. Akanipa. Nilisikia kelele tu, kiwanda kizima. Akaniwekea tena, sehemu nyingine, na nyingine, mpaka katikati ya zile kelele nikaisikia sauti ndogo ya kukwaruza, inayokuja na kwenda. "Umelegea kidogo," akasema. "Utabadilishwa. Haujafa."

Hata hivyo alikuwa hajamaliza. Alijeki gurudumu la mbele akalitikisa juu na chini kusikiliza beringi, kisha kulia na kushoto kusikiliza tairodi. Akalifuta kwa kitambaa lile tufe la chuma linaloshika gurudumu, akapitisha ukucha juu yake. Mchanga ukishalichimba vishimo, hula sili na oili humwagika. Ukucha ulikwama mara mbili. Akaandika.

Kisha akaendesha yeye, tukashuka ukingo wa uwanda kuelekea upande wa Masasi na kupanda tena. Gia ya kwanza na ya pili za gari la rika hili hazijipokei zenyewe. Ni lazima dereva akanyage klachi, atoe gia, aachie, apige mafuta kidogo injini ifikie mwendo unaotakiwa, akanyage tena ndipo aingize. Ukikosea, meno yanasaga mpaka kijijini wanasikia. Kwenye mteremko mkali, wanawake wanaouza ming'oko kando ya barabara wakitutazama, alitoka ya tatu kwenda ya pili. Niliuona mguu ukicheza mara mbili. Kwenye giaboksi sikusikia kitu chochote.

Bei ilichukua dakika kumi, kwa kuwa karatasi ya fundi ilikuwa na kila kasoro kwa mpangilio na mwenye gari mwenyewe alizijua. Mkataba ukaandikwa mbele ya wakili, kadi ikabadilisha mikono. Mwalimu akataka alipeleke kuoshwa papo hapo. Fundi akamzuia. Osha juu, alisema, chini paache mwezi mmoja. Uchafu huo utakuonesha kila tone linapoanzia.

Duniani huko Land Rover za aina hii zimekuwa fahari. Mtindo wa zamani uliacha kuundwa Solihull mwezi Januari 2016, na Oktoba 2024 mamia kwa mamia yalikusanyika Arusha kwa tamasha la Land Rover. Mwalimu hakwenda. Wiki tatu baada ya kununua, saa kumi na mbili asubuhi, alimpigia fundi simu: kuna tone chini, upande wa mbele.

Nilikuwepo gereji, simu iko kwenye spika. Fundi hakumuuliza lingine ila rangi. Kisha gurudumu lipi. Kisha lilidondoka usiku au baada ya safari. Kukawa kimya, halafu tukasikia boksi likitandikwa, mtu mzima akiguna kwa kulala chini, na baada ya muda, mbali kidogo na simu, ting, ting, ting.

"Anagonga nini?" nikauliza.

Fundi akaniwekea kidole mdomoni. Alikuwa anasikiliza.