Hongera Waongozaji wa Kinondo na Wasini

Anayetaka kuijua pwani ya Kwale kwa miguu aanzie Kaya Kinondo, kusini mwa Diani. Kabla ya kuingia, mwongozaji humfunga mgeni kaniki kiunoni, kisha humpa masharti: hakuna kuchuma jani wala kuokota kijiti. Msitu huu wa Wadigo umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2008, lakini walioutunza vizazi kwa vizazi ni wazee wa kaya wenyewe. Nao akina mama wa kisiwa cha Wasini, ng'ambo ya Shimoni, wanasimamia njia ya mbao ipitayo kwenye mikoko na matumbawe ya kale. Wote hawa wanastahili heshima kubwa. Msomaji, ukifika Diani, usiishie ufukweni. Watafute, na uwalipe vizuri.