Kompyuta Iliyorudi Shinyanga

Fundi mzuri wa kompyuta utamjua kwa mikono yake: haina haraka ya kushika mausi. Nilimwona mmoja Bariadi, msimu wa pamba, kwenye ofisi ndogo ya chama cha msingi. Kompyuta yao ya mezani ilikuwa na siku nne haipokei barua pepe, na magari ya pamba hayangojei mtandao.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimu katibu, akavuta kiti, akakaa. Hakuuliza kompyuta ina nini. Aliuliza barua ya mwisho iliingia lini, na siku hiyo kulitokea nini. Katibu akafikiri. Jumapili usiku umeme ulikatika hadi alfajiri. Jumatatu Thunderbird, programu yao ya barua pepe, ikaanza kugoma, na kurasa nyingi za intaneti nazo zikawa hazifunguki. Akadhani bando limekwisha, akaongeza, hali ikabaki ile ile.

Kuna kijana alikuwa ameshapita, akashauri akaunti ifutwe iwekwe upya. Kusikia hivyo fundi akakunja uso. Ushauri huo umezoeleka mno, na mara nyingine unafaa. Akaunti ikiwa ya IMAP, barua hukaa kwenye seva na kompyuta hubeba nakala tu. Ukifuta utazivuta tena, litakaloumia ni bando. Ikiwa ya POP, mara nyingi barua zimeshashushwa na kule kwenye seva zimefutwa. Zilizobaki duniani ni zile zilizomo ndani ya hilo boksi. Ukifuta hapo, umezika ripoti za msimu mzima. Kwa hiyo kabla ya lolote akatazama akaunti ni ya aina gani. IMAP. Akamwomba katibu afungue barua hizo hizo kwenye simu. Zote zilikuwepo, hata ya asubuhi ile. Basi seva ni nzima, ugonjwa uko hapa mezani.

Kisha akafanya jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi: akausoma ujumbe wa hitilafu. Katibu alikuwa akiufunga kila ulipochomoza, na simlaumu, maana Kiingereza cha ujumbe huo ni kigumu kama amri ya jeshini. Ulisema cheti cha seva hakijaanza kutumika. Hakijaanza, si kwamba kimekwisha muda. Fundi alilirudia neno hilo kwa sauti ya chini, akashusha macho kwenye kona ya chini ya skrini, upande wa kulia, akacheka. Tarehe iliyosomeka pale ilikuwa ya Januari 2012.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa Machi 2012. Kwa hesabu za kompyuta ile, Bariadi bado ilikuwa mkoa wa Shinyanga.

Kabla ya kupeana barua, seva huionyesha programu cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mwenye saa iliyorudi nyuma miaka kadhaa atakiona cheti cha leo kama kitu cha kesho, akikatae. Na umeme ukiondoka, saa ya kompyuta ya mezani hutunzwa na betri ndogo ya duara kama sarafu, CR2032, ya volti 3. Kifuniko kikafunguliwa, vumbi likapulizwa, fundi akagusisha ncha mbili za mita. Volti haikufika hata 2.

Betri mpya ikaingia, tarehe ikawekwa sawa, barua zikaanza kumiminika. Mimi hapo ningefunga mkoba. Yeye alibaki akizifungua moja moja, mpaka akagundua folda ya ripoti za mizani ina matatizo: ukibofya barua hii inafunguka nyingine. Akafunga programu, akanakili kila kitu kwenye flashi kwanza, ndipo akairudia folda na kuipa amri ya kujikarabati.

Katibu alitaka kujua kwa nini, naye hakumjibu kwa majina ya mafaili. Alinyoosha kidole kwenye vitabu vya risiti kabatini. Kila barua kule kwenye seva ina namba yake, alisema, kama risiti kitabuni. Kompyuta hujiandikia orodha pembeni ili isipekue kitabu kizima kila mara. Umeme ukikatika ghafla inapoandika, orodha huharibika, lakini risiti ziko palepale. Unaitupa orodha, unaandika nyingine kutoka kitabuni.

Halafu akakunja mikono, akautazama mstari wa kijani ukijaa. Hakuugusa, hakuuharakisha, mtandao ulipolegea naye akanyamaza nao. Katika ufundi huu sehemu hiyo ndiyo inayonishinda mimi. Kazi ngapi zimeharibika kwa sababu mtu alizima mashine ikiwa katikati?

Bei ya betri ilikuwa chini ya bando aliloongeza katibu. Kabla ya kuondoka fundi alichukua maka peni, akaandika ubavuni mwa boksi tarehe aliyoweka betri hiyo.