Mnunuzi Yuko Nje ya Picha

Anayetaka kujua Rwamgasa, kijiji cha machimbo ya dhahabu, wanapenda sinema gani asome ubao wa chaki nje ya banda la video. Mapigano, majini, mapenzi ya Kihindi, na pembeni ya majina mengi limeandikwa neno "imetafsiriwa". Ndani, mtafsiri anawasemea wote, jambazi, polisi na mama mkwe. Mtindo huu, ambao mtafsiri Lufufu aliupa umaarufu, una sheria moja tu: kisibaki kitu bila kusemwa. Adui hajafika mlangoni, mtafsiri ameshamtaja. Ni burudani safi na siidharau. Mtu aliyeshinda kwenye vumbi la karasha ana haki ya kuelezwa mambo waziwazi. Lakini kuna filamu zinazoihusu Kanda ya Ziwa hii hii ambazo nguvu yake imo katika kile zinachokataa kukionyesha, nazo ubaoni ni nadra kuzikuta.

Iliyo kubwa kwangu ni White Shadow ya Noaz Deshe, ya mwaka 2013. Ilionyeshwa Venice, ikapewa tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji, kisha huku kwetu ikapita kimya, ingawa wahusika wake wanazungumza Kiswahili. Alias, kijana mwenye ualbino, anashuhudia baba yake akiuawa. Mama anampeleka mjini kwa mjomba wake, Kosmos, dereva mwenye madeni, aliyechezwa na James Gayo, yule yule ambaye wasomaji wa katuni wanamfahamu kwa Kingo. Huko kijana anauza miwani, DVD na simu barabarani, anampenda Antoinette, binti wa mjomba, na anajifunza kwamba mji nao una wawindaji wa viungo vya watu kama yeye.

Ukiusimulia hivyo mkasa unaeleweka. Filamu yenyewe haikupi mkasa kwa utaratibu huo. Shambulio la mwanzo halionyeshwi kwa picha pana ya nyumba, mlango na waliosimama wapi. Kamera imeshikwa mkononi, iko karibu mno na miili, na mkato unaingia kabla tendo halijaisha. Unasikia zaidi ya unavyoona. Aliyewahi kushuka kwenye duara la mgodi na tochi ya kichwa ataielewa picha hii upesi kuliko mhakiki wa mjini: unaona pale tu unapotazama, na hatari iko pale ambapo hujageuza shingo.

Wapo watakaosema huo ni ufundi wa kujionyesha. Mimi naona una sababu. Tishio la Alias ni kutazamwa. Sokoni, barabarani, kwenye foleni ya magari anapopitisha miwani yake, kila jicho linaweza kuwa la mtu anayepiga hesabu. Kamera ambayo ingesimama mbali ikamkodolea macho ingejiunga na hao. Deshe anaileta bega kwa bega na kijana, mara nyingi ikitazama anakotazama yeye, na sisi tunanyimwa ile nafasi ya kumchunguza kama kioja. Filamu nyingi za huruma kuhusu watu wenye ualbino zinaharibikia hapo: zinasema "tusiwatazame vibaya" huku zikiwatazama tu.

Kuna sehemu ya jalala la vifaa vya umeme ambayo ningependa itazamwe mara mbili. Alias na wenzake wanachambua mabaki ya kompyuta. Mashine inavunjwa, ndani yake kinatafutwa kile chenye bei, na ganda linatupwa. Hakuna mhusika anayesimama kutuambia kwamba hivi ndivyo wawindaji wanavyouona mwili wake. Picha zimepangwa tu moja baada ya nyingine, na fikra inakujia yenyewe, nayo ni chungu zaidi kwa kuwa umeifikia mwenyewe. Mtafsiri wa banda angeisema mapema na kuiua.

Kasoro zipo. Inakaribia saa mbili, na katikati zimo ndoto na picha za kuelea ambazo zinarudia kilichokwisha kusemwa vizuri. Deshe ana kamera nzuri na anaipenda kupita kiasi.

Nirudi kwenye kisichoonyeshwa. Wawindaji katika filamu hii wana sura, uganga upo, hofu ipo. Mteja, yule ambaye fedha yake ndiyo inayoianzisha safari yote, hapewi hadithi yake. Na si kwenye filamu tu. Miaka ile mauaji ya watu wenye ualbino yalipotikisa Shinyanga na Mwanza, wachimbaji wadogo na wavuvi ndio waliotajwa sana kuwa wanunuzi wa dawa za bahati. Septemba 2009 mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe, wilaya ambayo leo iko mkoa wa Geita. Wauaji walipata sura gazetini. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Vicky Ntetema wa BBC alikwenda kwa waganga akijifanya mfanyabiashara anayetafuta mafanikio. Kwa hiyo mteja aliyeonekana waziwazi kuliko wote alikuwa mwandishi wa habari aliyejigeuza mteja.

Ndiyo maana nataka White Shadow ionyeshwe Rwamgasa kabla ya Masaki. Kwa mtazamaji wa Dar es Salaam nafasi ya mteja ni tupu. Kwenye mabenchi ya machimboni nafasi hiyo imekaliwa na uvumi ambao kila aliyemo bandani amewahi kuusikia, wengine wakiutumia kumsema jirani aliyepata mawe mazuri ghafla. Filamu haiwatuhumu wachimbaji wala haiwasafishi. Isitoshe, Rwamgasa inalijua pengo la namna hii kutoka upande wa pili. Tangu mradi wa zebaki wa UNIDO ulipoichagua katika miaka ya mwanzo ya 2000, kijiji kimekuwa mfano unaotajwatajwa, na picha za wachimbaji wadogo zimebaki zile zile: mikono kwenye karai, zebaki, moshi, mtoto karibu na mwalo. Anayevaa hiyo dhahabu hayumo.

Filamu ya pili inafanya jambo linalofanana na hili, vibaya zaidi, na bado naipendekeza. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, ilipigwa Mwanza. Wengi wanaijua kwa ugomvi tu: mwaka 2006 Rais Kikwete aliishutumu hadharani, na nadhani walioipinga ni wengi kuliko walioitazama. Haina msimulizi. Inaanza na mtu kwenye mnara wa kuongozea ndege, anahangaika na mdudu dirishani wakati ndege inakuja, na kichekesho hicho kidogo kinatuambia jinsi shehena zinavyosimamiwa. Sauper anauliza tena na tena: ndege hizi zinakuja na nini? Minofu ya sangara inayoondoka tunaiona. Mapanki yaliyobaki tunayaona, yakianikwa, funza wakitambaa. Kinachokuja hatukioni. Badala ya kuliacha pengo wazi, mwongozaji analijaza kwa mkato: watoto wenye njaa, kisha ndege, kisha watoto tena, hadi mtazamaji anahisi amepewa ushahidi wakati amepewa mpangilio wa picha. Filamu inafika mahali pake rubani mmoja anapoeleza mwenyewe, kwa uzito, jinsi alivyowahi kubeba silaha kwenda Angola. Hapo mkato unatulia na uso wa mtu unatosha. Laiti Sauper angemwamini mapema.

Ya tatu, In the Shadow of the Sun ya Harry Freeland, ilitoka 2012 baada ya miaka sita ya kupiga picha. Inamfuata mwanaharakati Josephat Torner, na pia kijana mmoja wa Ukerewe anayetamani shule. Ufundi wake ni subira. Kijana anakua mbele yetu, sauti inabadilika, na hakuna uhariri unaoweza kughushi hilo. Torner anapoketi na wanakijiji kwenye maeneo ya mauaji, kamera inabaki muda wa kutosha kuona wanaosikiliza na wanaongoja tu aondoke. Torner anapopanda Kilimanjaro, ni kama tumeingia filamu nyingine, ya wafadhili.

Mwenye banda akitaka kuanza na moja, aanze na White Shadow, siku ambayo mafuta ya jenereta yanatosha. Mtafsiri apumzike, Kiswahili kimo tayari. Kuna wakati watu wataanza kuulizana kwa sauti nani hasa aliyelipa. Asiwanyamazishe.