Sifa ya Fundi wa Gari Linalochemsha

Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilometa 50 hivi, na gari likichemsha humo, simba hawasubiri boneti ipoe. Dereva mjuzi huwasha hita jua likiwa utosini: afadhali atoke jasho yeye kuliko silinda hedi ipinde. Akijaliwa, atafika mji mdogo wa Mikumi, ambako njia ya Kilosa na ile ya Kidatu zinachomokea, na mbele kuna Ruaha Mbuyuni kisha mlima wa Kitonga. Hapo Mikumi ndipo anapomhitaji fundi ninayetaka kumsifu.

Fundi huyo hashiki spana kwanza. Anauliza: lilianza kuchemshia wapi? Kama linachemsha likitambaa na kupoa likikimbia, macho yanakwenda kwenye feni na mkanda wake, maana upepo wa mwendo ulikuwa unaifanyia feni kazi. Kama lilitulia tambarare likaja kuchemsha mlimani na mzigo, shaka inahamia kwenye rejeta, kwamba mirija imeziba. Aliyechota maji ya Mkondoa pale Kilosa wakati wa masika akajazia rejeta, amejaza na tope. Injini ikishapoa kiasi cha kugusika, fundi anapapasa rejeta kwa kiganja. Penye ubaridi huku pembeni pakiwa na joto, maji hayapiti. Hosi ya juu ikiunguza na ya chini ikawa baridi, huenda thamostati imegoma kufunguka au wota pampu haisukumi.

Kabla ya hayo yote, aliye bora ninayemjua mimi hukagua kifuniko cha rejeta. Maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 100. Yakibanwa na kifuniko kizima, hustahimili hadi karibu nyuzi 120. Mpira wa kifuniko ukichoka, mgandamizo unavuja, maji yanachemka mapema, na injini isiyo na kosa inasingiziwa.

Kuna desturi siipendi: kung'oa thamostati na kuitupa, eti nchi yetu ni ya joto. Kifaa hicho kimewekwa ili injini ifike joto lake la kazi upesi na kubaki hapo. Bila hicho inakula mafuta na kuchakaa, na ugonjwa halisi, kama ulikuwa rejeta, upo palepale ukisubiri Kitonga.

Mapovu yakipanda mfululizo kwenye rejeta injini ikinguruma, au oili ikitoka kama chai ya maziwa, gasketi ya hedi imekwisha. Hapo hata fundi hodari hunyamaza kidogo kabla ya kutaja bei.

Wenzake wa Pwani, wanaotengeneza mashine za boti za Nyamisati na Mafia, wanapambana na joto lilelile. Mashine ya boti, ile ya kufungwa nyuma, haibebi maji yake. Inavuta ya baharini kwa pampu yenye impela ya mpira, na mchirizi unaoruka nyuma ya mashine ndio unaomwambia nahodha kwamba maji yanazunguka. Mchirizi ukikonda, fundi huchokonoa kwanza tundu lake kwa waya mwembamba, kisha hutazama matundu ya kuingizia maji kama yamenasa mwani au nailoni, ndipo afungue pampu kuangalia impela. Ikiendeshwa kavu, hata kwa muda mfupi, mpira huo huungua. Chumvi nayo hujenga ukoko ndani, ndiyo maana mashine husuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi baada ya safari. Fundi wa Mikumi, asiyeiona bahari mwaka mzima, angeielewa kazi hiyo mara moja: nako wanaanzia nje, kwenye kitu cha bei ndogo.

Kinachonikera ni malipo. Mteja hulipia bila kinyongo wota pampu mpya aliyoishika mkononi, lakini hugoma kulipia nusu saa ya maswali iliyogundua kwamba pampu ya zamani ni nzima. Kwa hiyo mafundi wengine wamejifunza kubadilisha vipuri visivyo na kosa, na lawama hiyo ni yetu wenye magari. Dereva, siku ukiambiwa "ni kifuniko tu, bosi," nunua kifuniko, na huyo aliyekiona mlipe vizuri.