Programu ya mbio inapimwa ku posho iliyopotea



Kila mara wenzetu wakijitayarisha kwa mbio za kilomita 21, mabishano yanarudia palepale: programu gani njo muzuri? Wamoja wanatetea piramidi ya Arthur Lydiard, wengine kitabu cha Jack Daniels. Mimi ni wa kukimbia asubuhi mbele ya kazi, sawa na wengi wenu, kwa hiyo nataka kuzihukumu kwa ulizo moja tu: programu inakuambia nini wakati posho nzima imepotea?

Tuanze na Lydiard. Huyu mtu wa New Zealand, aliyefanya kazi mu fabrike ya viatu, alishangaza dunia kule Roma tarehe 2 Septemba 1960. Peter Snell alishinda mita 800, na muda mfupi nyuma yake Murray Halberg akashinda mita 5,000. Wote walikuwa wanafunzi wake. Mafundisho yake, aliyoyatoa mu kitabu *Run to the Top* mwaka 1962, yanapanda kama nyumba: kwanza kilomita nyingi, karibu 160 kwa posho, hata kwa Snell wa mita 800; halafu milima; halafu kasi ya uwanjani; mwisho mashindano.

Namheshimu sana. Hakuna aliyefundisha uvumilivu kumupita. Lakini piramidi, vile tunaichora na kutumiana mu simu, inaonyesha ngazi za kupanda tu, haionyeshi mlango wa kurudilia. Muntu aliyekaa siku 10 ku kilio Likasi, ama aliyefanya posho mbili za ekipe ya usiku ku mine, ataanzia wapi? Piramidi haimujibu. Basi anajijibu mwenyewe: analipa deni. Kilomita 40 alizokosa anaziongeza juu ya 40 za posho hii. Njo pale goti linaanza kulalamika, na mwezi unaofuata hatumuoni tena ku gudron.

Daniels ni Mumarekani. Kitabu chake, *Daniels' Running Formula*, kilitoka mwaka 1998. Ukikifungua haraka utasema ni gereza: posho 24, zimekatwa vipindi 4 vya posho 6, na kila kipindi na kazi yake. Lakini soma polepole. Kwanza, anakuonyesha posho gani za kuchunga kama hauna zote 24. Pili, na hapa njo ananishinda kabisa, mu toleo la 3 la mwaka 2014 anaweka kanuni ya kurudi. Ukiacha siku 5 ama chini, unaendelea bila woga. Ukiacha siku 6 mpaka 28, unachukua muda sawa na ule uliopotea: nusu ya kwanza unakimbia taratibu kwa 50% ya muzigo wako wa zamani, nusu ya pili kwa 75%.

Tufanye hesabu. Ulikuwa unakimbia kilomita 40 kwa posho, ukakosa siku 14. Posho ya kwanza ya kurudi ni kilomita 20, ya pili 30, kisha unarudia ku 40. Hakuna deni la kulipa. Kile kilichopotea kimepotea, na mwili unabaki.

Daniels naye ana ubaya wake. Jedwali zake za kasi zinavutia sana, na wasomaji wengi wanazishika kama amri ya serkali. Jua la mwezi wa 10 Lubumbashi halijasoma jedwali.

Wengine watasema: acha hizo, sayansi imeshachagua mshindi. Mwaka 2014 watafiti wa Hispania pamoja na Stephen Seiler walifuata wakimbiaji 30 wa kawaida kwa posho 10. Kundi moja lilikimbia sana polepole na kidogo kwa nguvu kabisa. Lingine lilikaa zaidi mu kasi ya katikati. Ku kilomita 10, la kwanza lilipunguza muda wake kwa 5.0%, la pili kwa 3.6%. Tofauti kati yao haikutosha kusema haikuwa bahati tu. Ni kweli, utafiti huo ulipima namna ya kugawanya kasi, haukupima mpangilio wa vipindi, lakini somo linatufaa: makundi yote mawili yaliendelea mbele, na yote mawili yalifanya mazoezi posho 10 mfululizo.

Njo maana nasema tunabishana pembeni ya jambo. Mwenye kulipwa ili akimbie anaweza kutafuta ile asilimia ya mwisho. Sisi wenye biro, watoto na kilio, kinachotushinda ni kukatika. Tumuazime Lydiard uvumilivu, tumuazime Daniels kanuni ya kurudi. Na kesho mwenzako akikutumia programu mupya mu grupe, usimuulize ni ya bingwa gani. Muulize iko wapi pa kurudilia. Kama hakuna, umurudishie.