Smong: Neno Moja na Dhima ya Masimulizi

Wahakiki wetu wamezoea kuitenga fani na dhima: vina na mizani upande mmoja, mawaidha upande wa pili, na aghalabu mawaidha ndiyo yanayobezwa. Masimulizi ya kisiwa cha Simeulue, magharibi ya Sumatra nchini Indonesia, yanauvuruga utaratibu huo.

Mwaka 1907 bahari ilikifunika kisiwa hicho baada ya zilzala, ikaua watu wengi. Walionusurika waliliita balaa hilo smong, wakawasimulia wajukuu katika hadithi ziitwazo nafi-nafi. Maudhui yake ni machache mno: ardhi ikitetemeka kwa nguvu, kisha maji yakapwa ghafla, kimbilia mlimani, usingoje. Hamna shujaa, hamna maelezo ya sababu, wala tashbiha ya kujivunia. Tarehe 26 Desemba 2004 ardhi ilipotetemeka, watu walipaza sauti wakilitaja neno hilo, wakapanda vilima. Kaskazini mwa kisiwa wimbi liliwasili kwa dakika zisizotimia kumi. Kati ya wakazi wapatao 78,000 walikufa 7. Aceh ya bara, ambako neno hilo halikuwapo, waliangamia zaidi ya watu laki moja.

Kwangu mimi ubora wa kazi hii umo katika ufupi huo. Neno moja limebeba jina, ishara na amri; alisikiaye hahitaji kufasiriwa. Hiyo nayo ni fani, hata kama haina urari wa vina.

Hata hivyo, tusiigeuze hirizi. Wimbi lile lile lilivuka Bahari ya Hindi likaua karibu watu 300 Somalia, na wengine Kenya na Tanzania. Huku kwetu zilzala haikusikika, basi ishara ya kwanza ya nafi-nafi isingetufaa kitu. Ilibaki ya pili, nayo ina utata wake: siku ile mwezi ulikuwa mpevu, na katika bamvua maji kupwa mbali si ajabu. Ajabu ni kupwa saa isiyo yake, na hilo hulitambua mvuvi, au mwanamke aendaye pwani kutafuta pweza. Elimu wanayo. Ukelele wa kuipigia hawana, maana neno tsunami tulilipokea kutoka vyombo vya habari baada ya maafa, na kwa mtoto wa Makunduchi au Micheweni lingali jina la habari ya mbali.